Seti ya kuanzia ya geko chui: cha kuacha ndani ya tangi na cha kutoa

Seti za kufugia geko chui, mjusi mdogo wa kufugwa nyumbani, zinazouzwa Nairobi hufanana sana hata zikitoka maduka tofauti: tangi la kioo la sentimita 45 kwa 30, mkeka wa joto wa wati 7 au 14, kipimajoto cha kubandika, mfuko wa mchanga, pango moja la plastiki, bakuli mbili, balbu nyekundu na kichupa cha unga wa kalsiamu. Hukumu yetu: tangi na mkeka vinafaa kulipiwa, mchanga na balbu nyekundu virudi dukani, na kifaa muhimu kuliko vyote, themostati ya kuwasha na kuzima mkeka ili joto lisizidi, mara nyingi hakimo kabisa kwenye boksi. Mwenye mtoto wa geko anayekataa kula huanza kubadilisha chakula. Katika jiji hili ni afadhali aanze kwa kupima joto la sakafu.

Geko chui, Eublepharis macularius, asili yake ni nchi kame za Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi mwa India. Tofauti na mjusi kafiri wa ukutani, ana kope za kufumba macho, na vidole vyake havinati, kwa hiyo hapandi kioo. Maisha yake yako chini, na joto la kumeng'enyea chakula hulipata zaidi kwa kulaza tumbo juu ya kitu chenye joto. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, nyumba zetu nyingi hazina mitambo ya kupasha joto, na usiku wa Juni hadi Agosti nyuzi za nje hushuka hadi 12 au chini yake. Sebule ya nyuzi 18 wewe utaivalia sweta. Geko wa gramu nne hupoteza hamu ya kula, na nyenje aliyekwisha kumezwa huweza kuozea tumboni kabla ya kumeng'enywa. Ndiyo sababu wengine hula vizuri jioni, kisha wakatapika siku ya pili.

Tuanze na mkeka, maana ndio wenye faida na hatari kuliko vyote. Ukichomekwa moja kwa moja kwenye soketi hauna kinachouzuia: kioo kilicho juu yake kinaweza kupita nyuzi 40, na geko mchanga akaungua tumbo akiwa amejilaza pale pale. Kipimajoto cha kubandika hakitakuonya, kwa sababu kinasoma kioo cha ubavuni wakati mnyama yuko sakafuni. Unachotafuta ni nyuzi 31 hadi 33 kwenye sakafu ya upande wa joto, na 24 hadi 26 upande wa pili. Mkeka uchukue thuluthi moja ya sakafu, ubandikwe chini ya kioo kwa nje, na tangi liinuliwe kidogo kwa vipande vya mpira kwenye pembe ili hewa ipite.

Themostati si lazima iwe ya duka la wanyama. Tafuta kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, au kwa mafundi wanaounda mashine za kuangulia vifaranga. Aina ya STC-1000 inatosha. Hakikisha ni ya volti 220, kwa kuwa zipo pia za 12, 24 na 110 zenye sura ile ile. Kati ya nafasi zake za kuunganishia waya, 1 na 2 ni za stima, 3 na 4 za kihisi, 5 na 6 za kupasha joto, 7 na 8 za kupoza. Wengi hukwama hapa: 5 na 6 ni swichi tu, hazitoi stima zenyewe. Waya wa laini, yaani ule wenye stima, hupitishwa humo ndipo uende kwenye mkeka. Mpe fundi wa stima kazi hiyo, aifunge yote ndani ya kisanduku cha plastiki chenye plagi ya kawaida na fyuzi ndogo. Kisha weka F1 (joto unalotaka) kuwa 32 na F2 (tofauti inayoruhusiwa kabla ya kuwasha tena) kuwa 0.5. F4 ni ya kusahihisha kihisi kikisoma tofauti na kipimajoto unachokiamini.

Kihisi kiwekwe sakafuni, juu ya sehemu yenye joto zaidi, chini ya karatasi, kishikwe kwa silikoni iliyokauka kabisa. Usitumie selotepu ndani ya tangi. Ngozi ya mtoto wa geko hunaswa humo na kuchanika. Kihisi kikihama au mnyama akikisukuma upande wa baridi, themostati itadhani tangi limepoa na mkeka utawaka bila kuzima, kwa hiyo kikague kila unapobadilisha karatasi. Kwa kuhakikisha, tumia kipimajoto cha bunduki cha viwandani. Zile bunduki za kupima paji la uso zilizojaa madukani tangu wakati wa korona zimetengenezewa mwili wa binadamu na zitakupotosha sakafuni.

Mkeka haupashi hewa. Msimu wa baridi, bandika stairofomu nyuma na kwenye pande mbili za tangi kwa nje. Hiyo pia humwondolea mtoto hofu ya kuona watu wakipita pande zote. Stima ikipotea usiku, chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, ikiegemezwa nje ya kioo, husaidia kwa saa chache. Geko mwenye afya huvumilia joto kushuka kwa muda, ila usimlishe hadi stima irudi na sakafu ipate joto tena.

Mchanga ni wa kutoa, hata ule unaouzwa kwa jina la kalsiamu na maelezo kwamba unameng'enyeka. Mtoto wa geko hurukia windo na kumeza kilicho chini yake. Punje hujikusanya, utumbo huziba, naye huacha kula huku tumbo likivimba. Tandika karatasi za kufutia jikoni. Ni rahisi kubadilisha, na choo huonekana: kinyesi cha kahawia kilichoshikamana pamoja na kipande cheupe cha mkojo mgumu ndicho cha kawaida. Balbu nyekundu haina kazi. Mwanga huo anauona, na usiku anahitaji giza.

Pango moja halitoshi, kwa sababu humlazimisha kuchagua kati ya joto na usalama, na geko mwenye hofu huchagua usalama hata kama ni kwenye baridi. Weka matatu: moja upande wa joto, moja upande wa baridi, na la tatu katikati lenye karatasi iliyoloweshwa na kukamuliwa. Kibakuli cha plastiki chenye kifuniko, kilichotobolewa mlango wa sentimita tatu na kulainishwa ukingo, kinafaa kuliko mapango mengi ya dukani, ambayo ni makubwa mno kwa mtoto wa sentimita tisa. Yeye hutulia pale mgongo na mbavu zinapogusa ukuta. Pango lenye unyevu ni la kujivulia ngozi. Bila hilo, ngozi kavu hubaki vidoleni kama pete, hukata damu, na kidole hukatika.

Akifika nyumbani, mweke tangini likiwa limewashwa tangu jana yake, kisha umwache. Usimshike kwa wiki mbili. Watoto wa nyumbani waelezwe mapema, kwa sababu hapa ndipo mipango mingi huharibika: kila mgeni anataka kumwona, kila mara pango linainuliwa, na mnyama anabaki katika hali ya kukimbia. Chakula cha kwanza kipelekwe siku ya pili au ya tatu, saa moja jioni, giza likianza. Asipokula, ondoa na ujaribu kesho. Mtoto mwenye mkia mnene anaweza kukaa wiki moja bila kula baada ya kuhamishwa na asidhurike, maana mkia ndio ghala lake la mafuta. Aliyetoka kwenye yai juzi huwa bado anatumia kiini, na kwa kawaida huanza kula baada ya kujivua ngozi ya kwanza. Akijivua ngozi huila, kwa hiyo usishangae ukiikosa.

Nyenje ndio chakula kinachowaamsha watoto wagumu, kwa vile wanatembea. Windo lisizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya geko. Toa mmoja mmoja, wanne hadi sita kwa jioni, kila siku. Akionekana kuogopa, mng'oe nyenje miguu mikubwa ya nyuma ili asiruke. Baada ya dakika 15 ondoa waliobaki wote, kwa kuwa nyenje mwenye njaa humtafuna geko aliyelala. Kenya ina bahati kwenye jambo hili: wadudu hufugwa kwa chakula cha watu na cha mifugo, na taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe, Kasarani, imetafiti nyenje kiasi kwamba spishi moja iliyoelezwa mwaka 2018 inaitwa Scapsipedus icipe. Muulize mfugaji akuuzie wadogo. Wengi huuza waliokomaa tu.

Mabuu wa unga huwekwa kwenye kibakuli chenye kuta laini wasichoweza kupanda, na ni wazuri kwa jioni ambayo huna muda wa kusimama. Mabuu wa nzi-askari mweusi, ambao wafugaji wa kuku huwaita BSF, wana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengine wa kulishia. Waoshe, uwaweke siku mbili kwenye vipande vya karoti kabla ya kuwatoa, kwa sababu mara nyingi hukuzwa kwenye taka za sokoni. Kumbikumbi wa mvua usimpe ukiwa mjini, hata wakijaa dirishani, kwani hujui wametoka kwenye ua gani uliopuliziwa dawa. Vimulimuli usimpe kamwe. Wapo wenye sumu inayoua mijusi.

Walishe nyenje saa 24 kabla ya kumpa geko: sukuma wiki, karoti, malenge. Epuka spinachi, kwani ina oksaleti inayoifunga kalsiamu isitumike mwilini. Kichupa cha kalsiamu cha seti soma lebo yake. Unataka kalsiamu kaboneti isiyo na fosforasi, pamoja na kichupa cha pili chenye vitamini D3. Kwa mtoto anayekua, nyunyizia wadudu unga karibu kila mlo, ule wa D3 mara mbili kwa wiki. Kisosi kidogo cha kalsiamu tupu kibaki tangini. Unga wa DCP (dikalsiamu fosfeti ya kulishia mifugo) wa agroveti haufai hapa kwa kuwa una fosforasi nyingi. Kalsiamu ikikosekana, mifupa hulainika, miguu hupinda matege na taya hulegea, naye hushindwa kuuma hata akiwa na njaa.

Akiendelea kukataa ilhali joto liko sawa, kata buu wa unga katikati na umpake utomvu wake pembeni mwa mdomo. Ataulamba, na mara nyingi huo mlambo ndio huanzisha mlo. Usimpanue mdomo kwa nguvu. Ukiambiwa dukani ununue wawili wasiwe wapweke, kataa: mkubwa hula, mdogo hujificha, na mkia wake huliwa siku moja. Kabla ya kulipa ulizia pia hati za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na za idara ya mifugo, kwa kuwa huyu si mjusi wa Kenya.

Mizani ya mfukoni inayosoma gramu 0.1 haimo kwenye seti yoyote, lakini nunua. Mpime mara moja kwa wiki ndani ya kikombe cha plastiki, bila kumshika. Akipoteza asilimia 10 ya uzito, mkia ukikonda hadi mfupa uonekane, au choo kikiwa majimaji kwa siku kadhaa, shuku vimelea, hasa Cryptosporidium. Kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete. Piga simu kwanza uulize kama kuna daktari anayepokea reptilia siku hiyo, kisha upeleke kinyesi cha siku hiyo hiyo ndani ya kichupa safi kilichofungwa, kikiwa na unyevu wake, pamoja na karatasi uliyoandikia uzito wa kila wiki.