"Mpigie shemeji niongee naye": nilimwaga oili Dar, ikaishia Mdaula

Nianze na nyota kabisa: sifuri. Nikimaliza kuandika huenda nikaongeza moja, maana hasira nayo ina saa zake, ila kwa sasa ni sifuri.

Gereji siitaji jina. Iko huku kwetu pembeni ya Morogoro Road, ina shimo la zege na bango lililopauka, na kwa miaka mitatu nimepeleka gari hapo bila kisirani. Gari ni Toyota IST nyeupe. Nilikopa saccos nikainunua, deni nimelimaliza mwenyewe, na kadi ina jina langu peke yangu. Hilo la kadi likumbuke.

Ilikuwa Ijumaa jioni, mwaka jana mwishoni, vuli zilikuwa hazijaanza, au zilianza zikakata. Kesho yake nilikuwa naenda Morogoro kwenye sendofu ya binti wa mama mdogo, na mbeba keki ni mimi. Nikasema nimwage oili nisafiri na roho nyeupe. Nilienda na oili yangu, 5W-30, galoni ya lita 4 niliyonunua kwa wakala shilingi 85,000, na filta yangu. Oili ya gereji sinunui tena tangu nilipojua kwamba makopo matupu yana soko: yanaoshwa, yanajazwa oili iliyochujwa, yanapigwa kifuniko kipya, yanarudi rafuni yanang'aa kama bibi harusi.

Kijana aliyenipokea namfahamu kwa sura. Akaigeuza galoni, akasoma, akacheka.

"Sista, hii nani kakuuzia? Haya maji. Joto lote hili la Dar unaweka faivu-thati? Weka twenti-fifti, ile nzito, injini itulie."

Nikamjibu kwa upole kabisa, Mungu ni shahidi yangu. Nikamwambia ile namba yenye W inaeleza oili inavyotembea injini ikiwa ya baridi, na ile ya pili inapimwa oili ikiwa imeshafika nyuzi 100. Joto la ndani ya injini linasimamiwa na thamostati, uwe Dar uwe Makambako, halipishani sana. Injini inasagika zaidi asubuhi ukiwasha, oili ikiwa bado imelala chini, na hapo mimi nataka kitu kinachopanda upesi. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Kisha akafuta mikono kwenye tambara, akasema:

"Sawa sista. Mpigie shemeji niongee naye."

Sikuelewa. Kweli nilidhani anataka kumpigia shemeji yake mwenyewe, labda ndiye mwenye spana.

"Shemeji yupi?"

"Mzee wa nyumbani. Wanaume tunaelewana haya mambo, asije akasema tumekuharibia gari."

Nimeandika hii sentensi nikaifuta mara mbili, maana kila nikiisoma naona kama naitia chumvi. Sikuitia. Kulikuwa na wateja wengine wawili kwenye benchi, wote wanaume, mmoja akatabasamu akiangalia simu yake. Sina mume. Na ningekuwa naye, oili angeijulia wapi? Kaka zangu wawili hawajui hata kijiti cha oili kinachomolewa upande gani. Aliyenifundisha magari ni marehemu baba, dereva wa lori, na alinifundisha mimi kwa sababu wao walikuwa wanakimbilia mpira.

Nikasema weka hiyo hiyo niliyoleta, gari ni langu. Akashuka shimoni amenuna. Akafungua nati ya chini, oili ikamwagika nyeusi kama kahawa ya Kariakoo, na weusi huo wala si ubaya, oili inayosafisha lazima ichafuke. Simu yake ikaita. Akaibana kwa bega, huku anaongea akaizungusha filta ya zamani, akaichomoa, akaitupa kwenye ndoo. Hapo ndipo pa kuangalia. Hakuitazama mdomo. Filta ina mpira wa duara pale inapokutana na injini, na ikichomolewa unatazama kama mpira umetoka nayo au umebaki umeng'ang'ania juu. Ni sekunde moja. Yeye alikuwa anamwambia mtu atume kwa M-Pesa.

Filta mpya aliipaka mpira wake oili kwa kidole kabla ya kufunga, nisimnyime hilo, wengine hata hilo hawafanyi. Akamimina galoni yote, lita 4, wakati injini ile ikibadilishiwa na filta inakula 3.7. Nilipomwambia abakize, akasema oili haijawahi kuua gari. Galoni ilipoisha nikachukua bisibisi nikaitoboa chini, kama ninavyofanya siku zote.

"Sista, umenitia hasara ya elfu mbili."

Nikalipa ufundi 10,000. Akanibandikia stika ya kurudi baada ya kilomita 3,000. Elfu tatu! Kwenye boksi la gari hizi kuna kile kitabu cha Kijapani ambacho wengi tunakiacha kishike vumbi. Kijapani sikijui, lakini namba ni namba: Toyota kwa magari ya petroli ya kawaida kule kwao wanasema 15,000 au mwaka mmoja, na kwa matumizi magumu nusu yake, 7,500 au miezi sita. Mimi nakwenda 5,000. Foleni ya Kimara hadi Posta ni matumizi magumu kuliko Mjapani yeyote alivyowahi kuota. Unakaa saa mbili injini inaunguruma, na kilomita zinasoma kumi na tano. Kwa hiyo 10,000 ninazosikia watu wakijisifia humu mjini siziamini. Ila 3,000 kwa oili nzuri ni kumlisha fundi.

Asubuhi niliona tone chini ya gari kwenye sakafu. La ukubwa wa sarafu. Nikasema ni mabaki ya jana, wanamwaga ovyo. Hapa najilaumu. Mimi niliyemhutubia mtu kuhusu nyuzi 100 nilishindwa kuinama na tochi.

Kibaha vizuri. Mlandizi vizuri. Chalinze nikanunua maji. Keki iko kiti cha mbele, imefungwa mkanda, ghorofa mbili, maua ya waridi. Karibu na Mdaula nikakanyaga mafuta kulipita lori la saruji, na kabla sijarudi upande wangu vizuri, taa ya birika, ile ya presha ya oili, ikawaka nyekundu.

Baba alikuwa anasema: birika likiwaka, zima kwanza, kusali baadaye. Nikazima. Gari likaserereka hadi kwenye majani. Nilipotazama nyuma, lami ilikuwa na mstari mweusi unaong'aa hadi pale nilipolipita lile lori. Chini ya injini inachuruzika. Kijiti nikakichomoa kikavu.

Nilikaa pembeni ya keki nikamtukana yule kijana kwa lugha ambayo mama mdogo angenifuta kwenye ukoo. Na kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba oili ni feki. Baada ya yote, wakala kanipiga, kijana alikuwa sahihi, haya kweli ni maji. Nilishaanza kuandika ujumbe wa kumlaani wakala.

Bodaboda mmoja akanipeleka kwa mzee mwenye gereji chini ya mwarobaini, gereji ni turubai na jeki mbili. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Taa ilipowaka ulizima hapo hapo au ulitembea?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza. Mimi dereva, anauliza dereva. Nikasema nilizima hapo hapo. Akasema basi injini ipo, twende. Akalala chini ya gari, akafungua filta kwa mkono, akatoka nayo akaishika juani. "Njoo uone." Mipira miwili. Mmoja wa filta yangu mpya, na mwingine wa zamani, umekakamaa, umegandiana nao kama chapati zilizokosa mafuta. Akanieleza kwa maneno machache: mpira mmoja unashikwa na ukingo wa filta, wa pili hauna wa kuushika, mjini unavumilia, ukikanyaga presha inapanda, unasukumwa nje, na oili yote inatokea hapo hapo. Oili yako haina kosa, akasema. Nikaufuta ule ujumbe wa wakala.

Duka la pale lilikuwa na oili aina moja tu, 15W-40, kopo lina picha ya lori. Ndiyo iliyoingia. Somo langu lote la W likaishia hapo, maana IST ilinguruma kwa utulivu ambao, nikiwa mkweli, sikuwa nimeusikia siku nyingi. Ina zaidi ya laki moja na nusu kwenye dashibodi. Inawezekana injini iliyochoka kidogo inapenda kitu kizito kuliko ninavyopenda kukubali. Na vitabu vya magari yanayokuja nchi za joto vingi vinaruhusu oili nzito, hilo nalijua, sikumwambia tu yule kijana kwa sababu alishaniudhi. Kwa hiyo kwenye oili tuseme alikuwa na robo ya haki. Kwenye shemeji hana hata chembe.

Mzee alichukua 15,000, akanipa mipira yote miwili kwenye karatasi. "Wapelekee." Keki ilifika ghorofa ya juu imeegemea ya chini kama mlevi. Bibi harusi mtarajiwa alicheka hadi wanja ukamchuruzika. Mama mdogo hakucheka.

Jumatatu nikaenda nimejiandaa kupiga kelele. Nikamkuta mwenye gereji mwenyewe, mtu mzima. Nikaiweka mipira juu ya meza. Hakubisha hata neno. Alimwita kijana, akampa mipira aishike mkononi, akamwambia aseme mwenyewe ni nini. Kijana akasema. Wakanimwagia ile ya lori, wakaniwekea oili mpya na filta yao, wakaosha injini yote chini, wakanirudishia 10,000 yangu, na mwenye gereji akasimama juu ya shimo hadi mwisho. Na nikakumbuka kwamba kijana huyu huyu mwaka juzi alinigundulia waya uliolegea kwa buku tano, wakati gereji nyingine walitaka kunibadilishia altaneta. Nikaanza kulainika. Nikasema nyota mbili. Hata tatu, kwa kukubali kosa, maana mafundi wangapi wanakubali kosa mjini hapa?

Nikiwa nawasha gari kijana akaja dirishani, mpole, kichwa chini.

"Samahani sana sista. Shemeji alikasirika sana?"

Nikaondoka. Sifuri.

Sasa kilichonifanya niandike leo. Asubuhi nimepata meseji. Kwenye kadi yao ya wateja kuna sehemu ya namba ya simu, nilijaza ya kwangu, sina nyingine. Inasema: "Habari shemeji. Gari ya nyumbani, ile IST nyeupe, imekaribia sevisi. Unaweza kumtuma mama tu ailete, tutampokea vizuri."

Nimeitazama hiyo meseji chai imepoa. Nimeangalia dashibodi, zimebaki kilomita 600. Nimefikiria mzee wa Mdaula, lakini huwezi kwenda Mdaula kumwaga oili kila miezi mitatu. Halafu nikajibu: "Ataleta Jumamosi na faivu-thati yake. Mkifungua filta, angalieni mpira wa zamani kwanza. Na galoni abaki nayo."

Dakika haikupita: "Sawa bosi, hamna shida."