Antigua Guatemala, Juma Kuu: nililipia roshani, nikapewa tangi la maji

Mnisamehe, naandika hasira bado ziko juu. Chumba nilikilipia chote mapema, chenye roshani inayotazama njia ya maandamano. Nafika, napelekwa kijichumba cha uani kilichopakana na tangi la maji. Cha roshani kashakaa mtu mwingine, bila shaka kapanda dau. Namwonyesha dada wa mapokezi risiti kwenye simu, hata hatupii jicho. "Kitanda ni kilekile," ananiambia, ananisukumia ufunguo. Kitanda! Nani anapanda ndege hadi Guatemala kufuata kitanda?

Mji wenyewe sina neno nao. Wahispania waliufanya makao makuu yao hadi tetemeko la 1773 lilipouvunjavunja, serikali ikahama. Magofu ya makanisa yapo hadi leo, na volkano ya Agua iko juu ya kila paa. Lakini Juma Kuu vyumba hujaa mji mzima, na yule dada anajua fika huna pa kwenda. Nikadai basi nirudishiwe tofauti ya bei. Akacheka.

Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, pampu ya tangi ikinguruma, usingizi ukagoma kuja, nikatoka nje. Watu wamejaa barabarani wanatandika zulia la unga wa mbao uliotiwa rangi. Wanauchekecha juu ya vibao vilivyotobolewa umbo la maua. Mmoja kalala kifudifudi juu ya ubao mrefu asije akagusa palipokwisha, mtoto ananyunyiza maji upepo usipeperushe kitu. Bibi mmoja akanijaza unga wa njano kiganjani, akanionyesha kona ya zulia. Kulipokucha ikaja machela ya kanisa la La Merced, sanamu ya Yesu na msalaba wake begani, wabebaji wa kanzu za zambarau wakiyumba nayo polepole, moshi wa ubani, matarumbeta. Wakapita juu ya kona yangu. Nyuma yao wazoa taka na makoleo.

Mtasema kumbe dada wa mapokezi alinitendea wema, maana roshanini ningeambulia kuona visogo tu. Thubutu! Ila kweli, roshanini nisingeshika ule unga.

Nyota moja. Haya, mbili, kwa kuwa mlango wa nje unafungukia kwenye njia yenyewe.

Asubuhi hiyohiyo akanidai pesa ya chai ambayo sikunywa. Moja.