Copic Sketch kwa wachora magari: anza na kijivu

Mtu akiniuliza aanze na rangi gani ili achore magari kwa makapeni, namwambia kijivu. Nyekundu ya Ferrari isubiri kwanza. Natumia Copic Sketch, kalamu za Kijapani zenye wino wa spiriti. Rangi zake zote ni 358, lakini ninazozishika kila siku hazijazi kiganja: C1, C3, C5, C7 na C9. Hiyo C ni kijivu cha baridi, chenye ubluu kidogo ndani yake, na namba ikipanda rangi inakolea. Kwa magari ndicho chenyewe, maana bodi inayong'aa huakisi anga.

Nimezitumia zaidi kwenye Land Cruiser ya 70 Series, hii tunayoiita mkonga. Ni gari zuri la kujifunzia kwa sababu bodi yake ina pande bapa: boneti inapokea mwanga, ubavu unachukua rangi ya kati, chini ya bampa ni giza. Mistari naichora kwa penseli ngumu ya 2H, mkono mwepesi. Penseli laini kama 4B wino huikoroga, na uchafu wake unahamia kwenye ncha ya kalamu. Tairi ndizo zinazomtoa mtu jasho. Duaradufu ya rimu ikienda upande, upake rangi utakavyo, gari litaonekana limetoka ajalini.

Utamu wa Copic uko kwenye kuchanganya. Unapitisha C3, unaileta C5 kando yake wakati ya kwanza bado mbichi, na mpaka kati yao unapotea wenyewe. Kila kalamu ina ncha mbili: moja pana na bapa, ya milango na vioo, inayotaka mkono usiosita, nyingine laini mithili ya brashi, ya kuingilia kwenye matao ya tairi. Seti ya bei rahisi niliyokuwa nayo zamani (jina nalihifadhi) iliacha michirizi kila mpigo ulipokutana na mwenzake, na ikikauka ni ya kutupa. Copic unaijaza upya kwa wino wa chupa, hata ncha inabadilishwa. Bila hilo nisingeitetea bei yake, kwa sababu ni ghali, tena sana.

Karatasi ya fotokopi isahau. Wino unatokea upande wa pili na kingo zinatambaa nje ya mstari. Tafuta karatasi maalumu ya makapeni, nyembamba tu, gramu 70 hivi, ila imetengenezwa isipitishe wino.

Wengi huulizia rangi ya fedha kwa ajili ya kromu. Haihitajiki. Juu weka bluu hafifu ya anga, chini kahawia ya ardhi, katikati mstari mweusi wa upeo, na bampa inang'aa. Penseli za rangi zije mwisho, wino ukishakauka, kwani nta yake huziba ncha. Nyeupe Copic Sketch haiwezi kukupa. Vidoa vya mwanga kwenye taa na kingo za boneti naviweka kwa kalamu ya jeli nyeupe, vichache.

Nazipa nyota nne. Ya tano imeliwa na bei. Mwenye hela ya kalamu tatu tu achukue C2, C5 na C8, na penseli nyeusi ya rangi kwa ajili ya mistari ya milango.