Uhakiki wa programu ya PhET ya kani na mwendo

Kwa mwalimu wa fizikia wa kidato cha kwanza au cha pili ambaye shule yake haina maabara ya kutosha, programu ya PhET inayohusu misingi ya kani na mwendo ni msaada mkubwa, ingawa ina mapengo ambayo atalazimika kuyaziba mwenyewe. PhET ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Programu hii hailipiwi, hufunguka kwenye kompyuta au simu janja, na ukishaipakua huhitaji tena intaneti, jambo ambalo mwalimu anayefundishia kwa bando lake mwenyewe atalithamini.

Ina sehemu nne. Ya kwanza ni mchezo wa kuvuta kamba, ambamo wavutaji wa bluu na wekundu hugombania toroli, mdogo akivuta kwa nyutoni (kipimo cha kani) 50, wa kati kwa 100 na mkubwa kwa 150. Wanafunzi huipenda, lakini kwa maoni yangu haizidi sana somo la kujumlisha na kutoa.

Sehemu ya pili ndiyo inayostahili kipindi kizima. Mtu anasukuma sanduku lililo juu ya ubao wa magurudumu mahali pasipo na msuguano. Wanafunzi wengi huja darasani wakiamini kwamba kitu huenda kwa sababu kinasukumwa na kwamba msukumo ukikoma nacho husimama, na hawalaumiki, kwa maana mkokoteni wa sokoni hufanya hivyohivyo mbele ya macho yao. Hapa mwanafunzi anaondoa kani, mshale wake unatoweka, lakini sindano ya mwendokasi inabaki palepale na sanduku linaendelea na safari. Akitaka lisimame, hana budi kulisukuma kutoka upande wa pili. Sheria ya kwanza ya Newton, ambayo wengi huikariri bila kuiamini, inakuwa jambo la kujionea. Mwendokasi ukifika kikomo cha programu, msukumaji huanguka chini. Mwalimu awaeleze mapema kwamba huo ni ukomo wa programu wala si sheria ya maumbile, maana swali hilo haliwezi kukosekana.

Sehemu ya tatu inarudisha msuguano, na ni vyema ifuate papo hapo. Kwa kiwango cha msuguano unachokikuta ukiifungua, sanduku la kilo 50 halisogei mpaka kani ikaribie nyutoni 125; likishaanza kwenda, msuguano unashuka hadi takribani 94, na tofauti kati ya msuguano tuli na msuguano wa mwendo inaonekana bila maelezo marefu. Udhaifu ni kwamba kani za wima hazichorwi. Ukipandisha sanduku la pili juu ya la kwanza, msuguano unakuwa maradufu, lakini mchoro haumwonyeshi mwanafunzi jinsi sakafu inavyosukuma juu wala uhusiano wa jambo hilo na msuguano. Hiyo ni kazi ya chaki na ubao.

Sehemu ya nne inahusu mchapuko, yaani jinsi mwendokasi unavyobadilika kila sekunde. Msuguano ukiondolewa, nyutoni 200 hulipa sanduku lile mchapuko wa mita 4 kwa sekunde mraba, ilhali friji ya kilo 200 hupata 1 tu. Kuna pia ndoo ya maji ambayo uso wake huinama mwendo unapobadilika na kutulia mwendokasi usipobadilika, pamoja na zawadi iliyofungwa ambayo tungamo lake halikutajwa; mwanafunzi alitafute kwa kugawanya kani kwa mchapuko, nami sitamharibia kwa kulitaja hapa.

Maneno kwenye kioo ni machache, hivyo anayetoka shule ya msingi ya Tanzania aliyofundishwa kwa Kiswahili hatapotea hata akitumia toleo la Kiingereza. Hata hivyo, programu haina saa wala grafu, kwa hiyo haifai kwa mazoezi ya kuchora mwendokasi dhidi ya wakati, na sheria ya tatu ya Newton, kwamba kila kani ina kani pinzani iliyo sawa nayo, haimo kabisa. Kwa sheria hiyo, mizani mbili za springi zilizounganishwa ndoano kwa ndoano, mwanafunzi mmoja akivuta huku na mwingine kule, bado zinafundisha vizuri zaidi.