Eti tatizo ni vidole vyangu

Nimekaa na pedali hii miezi kadhaa na hasira bado haijaniisha. Ni kompresa, kifaa cha kukanyaga kinachobana sauti kubwa ili noti zote zilingane, na imeandikwa ubavuni kwamba ni ya gitaa la besi. Ya besi! Aliyeiunda sijui kama amewahi hata kuishika besi.

Siku ya kwanza, peke yangu chumbani, nilifurahi mno. Nyuzi nyembamba, D na G, zilitoka laini, kila noti imekaa sawa na mwenzake. Nikasema hapa nimefika. Halafu yakaja mazoezi na bendi. Wimbo wa polepole, E ya chini, uzi mnene kuliko wote, inapigwa wazi bila kubonyezwa na kuachwa ilie. Nikaipiga, ikaanza kukwaruza: krrrr, kama spika iliyochanika. Mpiga ngoma akasimamisha vijiti. "Kaka, spika yako imekufa?" Spika ilikuwa nzima. Nikachomoa pedali, sauti safi. Nikairudisha, krrrr.

E ya chini ya besi ni kama hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, maana yake wimbi moja linachukua takriban milisekunde 24. Kompresa ikibana na kuachia haraka kuliko hapo, haiifuati noti tena, inalikimbiza wimbi lenyewe na kulikunjakunja. Hiyo ndiyo krrrr. Gitaa la kawaida E yake iko hezi 82, kosa hilo linajificha kiasi. Kwa hiyo nasema wazi: hii ni saketi ya gitaa iliyobandikwa jina la besi. Na nobu, kile kitufe cha kuzungusha, ya kurekebisha kasi ya kuachia hakuna; mtengenezaji kaifungia kasi hiyo ndani.

Si hilo tu. Nikigonga E kwa kidole gumba kisha nikavuta G, ile G inazama, kwa sababu nguvu ya uzi mnene ndiyo inayoamuru ubanaji wote. Dawa yake inajulikana: unaweka kichujio kinachopunguza sauti nzito kabla hazijafika kwenye sehemu inayopima, au unampa mpigaji nobu ya kuchanganya sauti mbichi na iliyobanwa. Humu hakuna hata kimoja.

Nikamwandikia mtengenezaji, kwa adabu kabisa, na rekodi nikamtumia. Jibu lake: "Ndugu, pedali haina shida. Punguza nguvu ya vidole." Basi! Hakuuliza besi yangu ni ya nyuzi nne au tano, wala kama ina betri ndani. Rekodi sidhani aliifungua. Vidole hivi vimenilisha miaka, leo mtu niliyempa pesa yangu ananiambia nivipunguze nguvu ili kifaa chake kisiaibike.

Usiku huohuo nikafungua skrubu nne za chini. Kazi ya kulehemu imefanywa kwa usafi, hilo simnyimi. Karibu na sehemu ya kupimia kuna kapasita, kile kipande kinachohifadhi umeme kidogo, ya mikrofaradi 1, nikaifuatilia mpaka nikaridhika kuwa ndiyo inayoamua kasi ya kuachia. Nikaitoa, nikaweka ya 4.7, kubwa zaidi ili iachie polepole. Kipande kidogo kuliko punje ya mahindi. Nikachomeka waya, nikapiga E, nikaiacha.

Ikalia. Nzito, ndefu, imenyooka mpaka ikafa yenyewe. Hata ule mdundo wa kidole mwanzoni mwa noti, ambao zamani ulikuwa unakatwa, sasa unapita kidogo kabla ya kubanwa. G bado inazama nikivuta, lakini kwa nyimbo zangu naweza kuishi nayo. Kusema kweli, sijawahi kupiga kompresa nyingine iliyonipa E ya namna hii, na hilo ndilo linalonichoma: ilikuwa inawezekana tangu mwanzo, mwenyewe akashindwa kusikiliza noti moja tu.

Nilikuwa nimeipa nyota moja. Nikafuta, nikaweka nne. Nikalisoma tena lile jibu la vidole, nikashusha hadi mbili. Msiinunue kama hamjui kulehemu. Kama mnajua... mimi leo jioni nina mazoezi, nayo imo mkobani.