Utengamao wa moyo Moshi: hospitali, jimu au nyumbani, hela iende wapi?

Mgonjwa akiruhusiwa baada ya mshtuko wa moyo au upasuaji wa valvu huondoka na dawa, tarehe ya kliniki na agizo la "fanya mazoezi." Mazoezi yepi, wapi, kwa muda gani, mara nyingi hayaandikwi popote. Kwa mkazi wa Moshi njia za utengamao, yaani kurudisha nguvu za mwili baada ya ugonjwa wa moyo, ni tatu: vikao vya fiziotherapia hospitalini, jimu ya mtaani, au programu ya nyumbani inayofuatiliwa kwa simu.

Hospitalini usalama ni mkubwa kuliko kwingine. Programu ya vikao viwili kwa wiki kwa wiki 12 ni vikao 24. Watu huuliza ada ya kikao, kumbe kinachomaliza mfuko ni safari. Anayetoka Himo au Machame analipa nauli yake na ya msindikizaji, kwenda na kurudi, na wote wawili siku ya kazi imekwenda. Zidisha mara 24 kabla hujakubali. Mwenye bima aulize mapema vikao vingapi vinalipiwa.

Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kuchambua tafiti za afya, yaliyolinganisha mazoezi ya kituoni na ya nyumbani hayakukuta tofauti kubwa kwenye vifo, uwezo wa mwili wala ubora wa maisha, na gharama zilikaribiana. Ila tafiti hizo nyingi zimetoka nchi tajiri. Huku nauli inatoka kwa mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo mizani inaelemea nyumbani.

Ushauri wetu ni kuchanganya: vikao vinne vya mwanzo hospitalini, kimoja wiki ya 6, kimoja wiki ya 12. Sita badala ya 24, safari zimebaki robo.

Kwenye kikao cha kwanza dai kipimo cha kutembea dakika sita, yaani kuhesabu mita unazomaliza kwa muda huo. Kinahitaji korido ya mita 30, alama mbili, kiti na saa. Mgonjwa hutembea kwa mwendo wake, akichoka anapumzika, lakini saa haisimamishwi. Korido ikiwa fupi, kugeuka mara kwa mara kunapunguza mita. Mhudumu akitangulia mbele, kasi inayopimwa ni ya mhudumu, si ya mgonjwa. Rudieni kwenye korido ileile wiki ya 12, la sivyo hakuna wa kujua kama hela ilifanya kazi.

Vifaa vya nyumbani ni vitatu: saa, mzani, na mashine ya presha ya mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Angalia kitambaa chake: kilichoandikwa sentimita 22–32 kikifungwa kwenye mkono mnene kitatoa presha ya juu isiyo ya kweli. Kaa dakika tano kimya ndipo upime. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo hakuna mazoezi, piga simu kliniki. Mwenye moyo uliochoka, yaani usiosukuma damu ya kutosha, ajipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku tatu ni maji hayo, asisubiri tarehe ya kliniki.

Zoezi lenyewe: dakika 10 za kupasha mwili, 20 za kutembea kwa kasi ya kuweza kuongea lakini si kuimba, 10 za kupoa. Wengi huruka kupoa. Ukisimama ghafla damu hubaki miguuni, kizunguzungu kinakuja, hasa kwa anayetumia dawa za kutanua mishipa. Na Moshi ni mji wa mteremko. Anayeanza kwa kushuka mjini anakuja kukutana na mlima akiwa tayari amechoka. Panda kwanza urudi ukishuka, au tembea maeneo ya chini kama Pasua.

Jimu inafaa baadaye. Skrini ya mashine hukokotoa kikomo cha mapigo kwa 220 kutoa umri, na kwa anayemeza atenolol, bisoprolol au carvedilol hesabu hiyo haina maana, kwani dawa imeshayashusha mapigo, akiyakimbiza atajiumiza. Aliyepasuliwa kifua asinyanyue zaidi ya kilo 5 mpaka daktari aseme mfupa umeunga, kwa kawaida wiki 12 hivi. Ndoo ya lita 20 nayo ni uzito, tena kilo 20.

Njia ya nyumbani haimfai mwenye maumivu ya kifua akiwa amepumzika, anayezimia, au ambaye mapigo yake yanarukaruka bila kudhibitiwa. Huyo asianze mazoezi popote mpaka daktari amwone na kumruhusu, kisha alipe vikao vyote.

Kabla ya kulipia ufuatiliaji wa simu, uliza mpigaji atauliza nini. Anatakiwa ataje namba: dakika ulizotembea, uzito wa leo, presha, vidonge vilivyobaki. Simu ya "unaendeleaje?" hujibiwa "nzuri tu" hata miguu ikiwa imevimba hadi viatu haviingii.