Unga wa mizizi ya ashwagandha wa kilimo hai

Unga huu, uliosagwa kutoka mizizi mikavu ya ashwagandha, mmea wa dawa unaoitwa kitaalamu Withania somnifera, unastahili sifa kwanza kwa uwazi wa lebo yake, inayotamka kwamba ni mizizi pekee iliyotumika na kwamba ililimwa bila mbolea wala viuatilifu vya viwandani katika wilaya ya Neemuch, jimbo la Madhya Pradesh, India, eneo linalojulikana kwa kilimo na biashara ya zao hili. Suala la mizizi pekee si dogo hata kidogo, kwa kuwa wachuuzi wasio waaminifu huchanganya humo majani, ambayo ni rahisi kwa bei na yana kwa wingi zaidi withaferini A, kemikali ya mmea huu inayoweza kudhuru seli za mwili, ilhali waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kwa dawa ya kunywa hutegemea mzizi.

Ladha yake ni chungu na harufu ni nzito, lakini nusu kijiko cha chai katika maziwa ya moto yenye samli na sukari kidogo hunywika vizuri. Katika maji matupu unga hutuama chini ya kikombe. Tangu niuanze, usingizi wangu umetulia.

Kasoro kubwa ni onyo lililochapishwa kwa herufi ndogo mno. Wajawazito hawapaswi kuutumia kabisa, na wenye maradhi ya ini au wanaomeza dawa za tezi ya shingo wamwone daktari kwanza. Denmark iliupiga marufuku mmea huu mwaka 2023.